CD za nyumbani: Jinsi ya kuziokoa nyimbo kabla diski hazijanyamaza

Katika sebule nyingi za Sagana na vitongoji vyake, kando ya televisheni, lingalipo rundo la CD ambazo ni nadra kuchezwa siku hizi. Humo mna nyimbo za Joseph Kamaru na za John De'Mathew, mna za kwaya za makanisa ya mtaani, na pengine mna rekodi ya arusi ya mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo.

Nyingi za CD hizo zilinunuliwa safarini. Mji huu wa Kaunti ya Kirinyaga uko kwenye barabara kuu inayotoka Nairobi kuelekea Nyeri, na reli ya Nanyuki nayo hupitia papo hapo. Aliyeshuka mjini Nairobi hakukosa kupita katika maduka ya muziki ya River Road, na aliporudi nyumbani alikuwa na diski moja au mbili mfukoni.

Leo vyombo vya kuzichezea vinatoweka. Redio zilizokuwa na mlango wa CD zimeharibika na mafundi wa kuzitengeneza wamepungua. Magari mapya yana tundu la flashi tu, nazo kompyuta nyingi za kubebeka zinazouzwa sasa hazina kabisa mahali pa kutumbukiza diski.

Wapo wanaoona kwamba jambo hilo si la kuwakosesha watu usingizi, maadamu nyimbo tele zinapatikana kwenye intaneti. Fikira hiyo ni sahihi kwa nyimbo za wanamuziki waliovuma ulimwenguni. Kwa nyimbo za nyumbani, sivyo hata kidogo.

Kwaya ya parokia iliyorekodi albamu moja na kuuza nakala mia chache baada ya ibada haikuwa na mtu wa kuipeleka kwenye mitandao ya muziki. Mwanamuziki aliyelipia studio kwa fedha za mavuno ya kahawa, kisha akauza CD zake kituoni mwa matatu, huenda hana hata yeye nakala moja. Diski iliyo kabatini Sagana yaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Hiyo ndiyo sababu kazi ya kuhamisha nyimbo kutoka kwenye CD hadi kwenye kompyuta inahitaji uangalifu zaidi hapa kuliko kwingineko. Mwenye CD ya mwanamuziki wa Marekani akikosea, ataipata nyingine. Mwenye CD ya kwaya ya mtaani akikosea, wimbo umekwenda.

Funzo la Kamaru

Mfano mwema wa kazi hii unatoka katika familia ya Kamaru mwenyewe. Mwanamuziki huyo, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939 na kuaga dunia Oktoba 2018, alirekodi nyimbo kwa zaidi ya miongo minne. Sauti yake ilipita katika santuri, kanda za kaseti na hatimaye CD.

Baadhi ya nyimbo hizo ni sehemu ya historia ya taifa. Mwaka 1975, baada ya kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki, Kamaru alitoa wimbo wa kumwomboleza ambao ulizimwa redioni. Waliotaka kuusikia walilazimika kuutafuta kwenye santuri za watu binafsi. Kwa hivyo wimbo ambao redio ya taifa ilikataa kuucheza ulitunzwa majumbani.

Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na anajulikana kimataifa kwa jina la kisanii KMRU, amekuwa akikusanya rekodi za babu yake, kuzihamisha kwenye kompyuta na kuzitoa upya kupitia mtandao wa Bandcamp. Kazi hiyo imewafikia wasikilizaji ambao hawakupata kuziona santuri zenyewe.

Shirika la Ketebul Music la Nairobi nalo limefanya kazi ya aina hiyo. Mwaka 2010 lilitoa mkusanyo wa historia ya muziki maarufu wa Agikuyu, wenye kitabu, CD na DVD. Ajabu ni kwamba mkusanyo huo wenyewe, uliotolewa ili kuokoa nyimbo za kale, sasa umo kwenye diski ambazo nazo zinahitaji kuokolewa.

Lakini si kila msanii ana mjukuu kama huyo, wala shirika moja haliwezi kuingia katika kila sebule ya Mlima Kenya. Sehemu kubwa ya kazi imebaki mikononi mwa wenye diski.

Namna CD inavyofanya kazi

CD iliingia sokoni mwaka 1982, ikiwa imebuniwa na kampuni za Philips na Sony. Ni kisahani cha plastiki ngumu chenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ndani yake mna utando mwembamba wa madini, aghalabu alumini, unaoakisi mwanga.

Kwenye utando huo mmechorwa njia moja inayozunguka kuanzia katikati hadi ukingoni, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 5. Njia hiyo ina vishimo vidogo mno. Mwali wa leza huipitia na kusoma vishimo hivyo kama tarakimu, kisha mashine huzigeuza tarakimu kuwa sauti.

Kwa kila sekunde moja ya muziki, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 10.6 kwa kila dakika.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. CD haifanani na kaseti. Nyimbo zake tayari ni tarakimu, kwa hivyo hakuna haja ya kuzicheza na kuzirekodi upya. Anayeweka simu mbele ya spika ili kunasa wimbo wa CD ananasa pia mlio wa jogoo nje na ngurumo ya lori lipitalo barabarani. Anayetumia waya kutoka redioni anapunguza ubora pasipo sababu. Kinachotakiwa ni kompyuta kuzisoma tarakimu zenyewe na kuziandika upya kama zilivyo.

Adui wa diski

Watu wengi huuogopa mkwaruzo ulio upande wa chini, ule unaong'aa. Hata hivyo, upande wa juu, wenye maandishi na picha, ndio dhaifu zaidi. Utando wa alumini umefunikwa upande huo kwa rangi nyembamba tu. Kalamu ya wino yenye ncha kali, karatasi yenye gundi iliyobandikwa kisha ikabanduliwa, au ukucha, vyaweza kuung'oa utando pamoja na wimbo. Plastiki ya chini huweza kung'arishwa, bali utando uliong'oka haurudi.

Adui wa pili ni jua. Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za CD. Ya kwanza ni ile iliyopigwa chapa kiwandani, ambayo upande wake wa chini ni mweupe wa fedha. Ya pili ni ile iliyochomwa kwa kompyuta, ambayo upande wake wa chini aghalabu una rangi ya kijani, samawati au dhahabu.

Diski ya kuchomwa haina vishimo vya kweli. Ina rangi ya kemikali ambayo leza iliichoma ili kuacha alama. Rangi hiyo huathiriwa na mwanga, joto na unyevu, nayo hufifia taratibu hata kama diski haina mkwaruzo wowote. Diski iliyoachwa mbele ya kioo cha gari kwa miezi kadhaa yaweza kunyamaza pasipo kuguswa.

Sagana iko chini kuliko Karatina na Nyeri, na jua lake ni kali zaidi. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya CD za kwaya, arusi na wasanii wadogo zilikuwa za kuchomwa, kwa kuwa kupiga chapa kiwandani kulihitaji oda kubwa na fedha nyingi. Kwa maneno mengine, nyimbo ambazo ni adimu zaidi ndizo zilizowekwa kwenye diski dhaifu zaidi.

Kwa mintaarafu hiyo, ni vyema kuanza na CD za kuchomwa. Zifuatwe na za wasanii wa nyumbani zilizopigwa chapa kiwandani. Albamu za kigeni ambazo zinapatikana kila mahali zingoje mwisho.

Vifaa na maandalizi

Kompyuta kuukuu ya mezani yenye mlango wa CD inatosha kwa kazi hii, kwani kunakili muziki hakuhitaji nguvu nyingi. Mwenye kompyuta mpya isiyo na mlango huo anaweza kununua kisomeo cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kikilinganishwa na kompyuta, na majirani kadhaa wanaweza kuchanga wakakitumia kwa zamu.

Kompyuta ya kubebeka ina faida moja zaidi. Betri yake huendelea kufanya kazi umeme ukikatika, jambo ambalo si geni katika miji hii. Kukatika kwa umeme katikati ya kazi huacha faili nusu, na asiyekuwa mwangalifu huenda asigundue.

Kabla ya kutumbukizwa, diski ikaguliwe na kusafishwa. Kitambaa laini cha pamba kisicho na vumbi, kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, hufaa. Diski ipanguswe kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kuelekea ukingoni. Isipanguswe kwa kuzungushwa, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya nyimbo ni mbaya kuliko ule unaoikata. Petroli, thina na dawa nyingine kali zisikaribie kabisa.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba CD ina mbinu ya kujirekebisha. Taarifa za kila kipande cha wimbo zimetawanywa na kuongezewa tarakimu za ziada, hivi kwamba mashine ikikosa kusoma sehemu ndogo, hukokotoa kilichokosekana. Uharibifu unaofunika hadi takriban milimita 2.5 za njia huweza kurekebishwa kikamilifu. Mkwaruzo unaokata njia huharibu kidogo hapa na kidogo pale. Unaoifuata njia huharibu sehemu ndefu kwa pamoja.

Uharibifu ukizidi kipimo hicho, mashine hubahatisha. Hujaza pengo kwa kukisia sauti iliyo kati ya ile iliyotangulia na ile inayofuata, au hunyamaza kwa muda mfupi mno. Sikio huenda lisitambue. Ndiyo maana diski yaweza kusikika kuwa nzima ilhali imeanza kufa.

Mtego wa faili ndogo

Anayefungua CD ya muziki kwenye kompyuta ya Windows huona orodha ya faili zenye majina kama Track01.cda. Wengi huziteua zote, wakazihamishia kwenye flashi na kufurahi kwamba kazi imekwisha kwa sekunde chache.

Hilo ni kosa kubwa. Kila moja ya faili hizo ina baiti 44 pekee. Hazina muziki wowote ndani, bali ni vielekezi vinavyoiambia kompyuta mahali wimbo ulipo kwenye diski. Diski ikiondolewa, faili hizo haziimbi. Aliyetupa CD zake baada ya kunakili kwa njia hiyo amebaki na majina matupu.

Nyimbo zenyewe hutolewa kwa programu maalumu. Windows Media Player, ambayo imekuwa ikipatikana kwenye kompyuta nyingi za Windows, inaweza kufanya hivyo. Kadhalika iko fre:ac, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Kwa diski zenye mikwaruzo au zilizo adimu, inayosifika zaidi ni Exact Audio Copy ya Windows, iliyotungwa na Mjerumani Andre Wiethoff mwishoni mwa miaka ya 1990. Sifa yake ni ukaidi. Husoma kila sehemu zaidi ya mara moja na kulinganisha matokeo. Yakitofautiana, hurudia tena na tena, na ikishindwa humwonyesha mwenye diski dakika na sekunde yenye shaka.

Pale ambapo mashine haiwezi kusaidia

Programu za aina hii zina msaada mwingine unaotokana na umoja wa watu. Baada ya kunakili, zinaweza kulinganisha matokeo na hifadhidata iitwayo AccurateRip, ambamo mna matokeo ya watu wengine waliowahi kunakili diski hiyo hiyo. Yakilingana, mtu hupata hakika kwamba nakala yake haina dosari.

Tatizo ni kwamba msaada huo hutegemea kuwapo kwa mtu mwingine mwenye diski kama hiyo. CD ya kwaya ya Kagio au ya mwanamuziki wa Kerugoya aghalabu haimo kwenye hifadhidata ya aina hiyo. Hakuna wa kulinganishwa naye.

Dawa yake ni mwenye diski kujilinganisha na nafsi yake. Anakili wimbo mara mbili, kisha atazame namba ya uhakiki ambayo programu hutoa kwa kila nakala. Namba zikifanana, kuna uhakika mkubwa kwamba diski imesomwa sawasawa. Zikitofautiana, asafishe diski upya, apunguze kasi ya kusoma, au ajaribu kwenye kompyuta nyingine. Visomeo havifanani, na diski iliyokataa kwa kimoja mara nyingi hukubali kwa kingine.

Msaada wa majina nao una upungufu ule ule. Programu nyingi hutambua CD kwa kuhesabu nyimbo zake na kupima urefu wa kila mmoja, kisha hutafuta jina kwenye intaneti. Kwa CD za nyumbani mara nyingi jibu huwa halipo. Baya zaidi, mara nyingine huja jibu la uongo. Diski ya nyimbo za injili za Gikuyu yaweza kupewa jina la bendi ya Ulaya kwa sababu tu urefu wa nyimbo umekaribiana. Asiyekagua atakuwa na mkusanyo wenye majina ya kigeni na sauti za nyumbani.

Faili ya aina gani?

Swali ambalo huulizwa sana ni kama nyimbo ziwekwe katika MP3 au katika aina nyingine. Jibu linategemea kuelewa kwamba MP3, iliyokamilishwa na wataalamu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizitambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi.

Miaka ya 2000 kulikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Diski ngumu za kompyuta zilikuwa ndogo na flashi zilikuwa ghali. Watu wengi walinakili CD zao kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, na wimbo ukapungua hadi chini ya sehemu moja ya 10 ya ukubwa wake.

Hali hiyo imebadilika. Kwa CD 100 zenye muziki wa saa moja kila moja, faili zisizobanwa huchukua takriban gigabaiti 63. Aina ya FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, hubana faili bila kutupa chochote, na kwa kawaida huzipunguza hadi kati ya nusu na theluthi mbili. Mkusanyo wote huweza hivyo kutoshea katika gigabaiti 40 hivi. Diski ngumu ya nje ya terabaiti moja ingebeba CD zaidi ya 2,000.

Kwa hivyo hakuna sababu ya kuhifadhi nakala kuu katika MP3. Nakala kuu iwe FLAC. Kutokana nayo, mtu atengeneze MP3 za kuweka kwenye simu, au kwenye flashi ya gari ambalo redio yake haielewi FLAC. Akipoteza flashi hiyo, hajapoteza kitu.

Waliokwisha kunakili zamani kwa kiwango cha chini wanapaswa kurudia, ikiwa diski zao zingali hai. Kuigeuza MP3 ya zamani kuwa FLAC hakusaidii. Uji uliotiwa maji haurudi kuwa mzito kwa kumiminwa kwenye chungu kikubwa zaidi.

Ipo hali moja ya pekee. CD nyingi zilizouzwa mitaani zikiwa na nyimbo 100 au zaidi kwenye diski moja tayari zilikuwa za MP3. Hizo ni faili za kawaida, na zinakiliwe tu kama zilivyo bila kugeuzwa.

Tahadhari nyingine inahusu mlio wa msasa au mtatariko wa santuri unaosikika kwenye nyimbo za kale. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilizomo kwenye CD zilitolewa kwenye santuri au kaseti, na mlio huo ulikuja nazo. Kishawishi cha kuufuta kwa programu ni kikubwa. Nakala kuu isiguswe, kwa kuwa programu za kufuta mlio hufuta pia sehemu ya gita na ya sauti. Anayetaka kusafisha afanye hivyo kwenye nakala ya pili.

Mali bila daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Faili iitwayo Track 07 haina thamani kwa mtoto atakayeirithi miaka 20 ijayo. Kila wimbo unastahili kuandikiwa jina lake, mwimbaji, kikundi, jina la albamu, mwaka na kampuni iliyorekodi, ikiwa vinajulikana.

Lugha ya Gikuyu huongeza jambo moja. Maandishi sanifu yake hutumia ĩ na ũ, na kompyuta nyingine huzitofautisha herufi hizo na i na u za kawaida inapotafuta wimbo. Mtu achague mtindo mmoja tangu mwanzo na aushike, la sivyo nyimbo za mwimbaji mmoja zitatawanyika chini ya majina mawili.

Majina yanayofanana pia huleta utata. Kompyuta haiwezi kujua kwamba Joseph Kamaru wa Kangema na mjukuu wake ni watu wawili, ambao muziki wao hauna mshabaha hata kidogo. Mwenye mkusanyo ndiye atakayewatenganisha.

Jalada la CD nalo lipigwe picha kwa simu, mbele na nyuma, na picha hiyo iwekwe kwenye folda moja na nyimbo. Mara nyingi ni pale tu ndipo yalipoandikwa majina ya wapiga gita, waitikiaji na studio.

Yale ambayo hayakuandikwa popote yamo vichwani mwa wazee. Mama aliyeimba katika kwaya hiyo bado anakumbuka ni nani aliyeanzisha wimbo na ulitungwa kwa sababu gani. Kuketi naye jioni moja, nyimbo zikichezwa, na kuandika asemayo ni sehemu ya kazi hii. Diski yaweza kungoja mwaka mmoja zaidi, bali mzee huenda asingoje.

Mpaka wa sheria

Kunakili CD kusimfanye mtu asahau haki ya aliyeuimba wimbo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, ulinzi huo unafika mwaka 2068.

Kujihifadhia nyimbo za CD uliyoinunua ni jambo moja. Kuuza nakala zake, kuzijaza kwenye flashi za wateja kwa malipo, au kuziweka hadharani kwenye intaneti bila idhini ni jambo lingine, nalo ni kosa. Wasanii wa Mlima Kenya wameumizwa na biashara hiyo kwa miaka mingi.

Ikiwa diski ni adimu, njia ya heshima ni kumtafuta msanii, familia yake au kwaya yenyewe na kuwapa nakala. Pengine wao ndio waliokosa kazi yao kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote.

Baada ya kunakili

Kazi haiishi faili zinapoingia kwenye kompyuta. Kompyuta huibwa, huanguka, na diski ngumu hufa bila kuaga. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ngumu ya nje, na ya tatu mbali na nyumbani. Familia yenye mtoto anayefanya kazi Nairobi au Nyeri ina mahali pa kuiweka hiyo ya tatu.

Flashi pekee haitoshi kuwa ghala. Imeumbwa kwa kubebea, na hupotea kwa urahisi. Diski ngumu za akiba nazo zifunguliwe walau mara moja kwa mwaka na nyimbo chache zisikilizwe mwanzo, katikati na mwisho.

Kuhusu muda, CD nzima isiyo na dosari huchukua dakika 5 hadi 10. Yenye mikwaruzo huenda ikachukua saa moja au zaidi. Mwenye CD 100 akinakili sita kila jioni, atakuwa amemaliza zile nzima kwa siku 17. Haba na haba hujaza kibaba.

Na je, diski zenyewe zitupwe? Usitupe mbachao kwa msala upitao. CD zinafaa kubaki zimesimamishwa wima kwenye vikasha vyake, mahali pakavu na penye kivuli, mbali na dirisha na jiko. Ndizo ushahidi wa asili, na huenda siku moja kisomeo bora zaidi kikasoma kile ambacho cha leo kimeshindwa kukisoma.

Kwa sasa, jambo la dharura ni kuligeuza lile rundo la sebuleni na kutazama rangi ya upande wa chini wa kila diski. Zenye kijani na samawati ndizo za kuanza nazo jioni ya leo.